Risiti Tupu za Jumba la Suiren

Tamae Kadowaki alikuwa na miaka arobaini na minane duka la muziki alilolifanyia kazi tangu usichana lilipofunga milango. Mpaka siku hiyo hakuwahi kujaza fomu ya kodi hata moja. Duka lilikuwa linakata kila kitu kwenye mshahara, na kazi yake yeye ilikuwa kuzunguka Matsue na vijiji vya kando ya ziwa akirudisha sauti za piano mahali pake. Baada ya hapo akawa fundi wa kujitegemea. Begi la vifaa lilikuwa lile lile na wateja wengi walikuwa wale wale, ila sasa kila yeni iliyoingia na kila yeni iliyotoka aliitolea hesabu mwenyewe.

Sisi majirani tulijua jinsi anavyoiogopa ofisi ya kodi. Marehemu baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha tofu kule Yasugi, na hakuwa mtu wa kuandika. Aliuza, akatia pesa kwenye kopo, akachota humo humo kununua soya. Siku moja wakaja wanaume wawili wenye mikoba, na kabla mwaka haujaisha akaletewa deni la miaka mitano kwa mkupuo. Mashine ya kusagia soya ikauzwa. Mzee aliishia kuosha vyombo kwenye hoteli ya watu wengine, na nyumbani kwao neno kodi likawa halitajwi wakati wa kula.

Kwa hiyo Tamae alipoanza kujitegemea, alijiandikisha kwenye mafunzo ya jioni ya chama cha wafanyabiashara wadogo, akakaa kiti cha mbele. Akachagua kuweka hesabu kamili, ile njia ngumu yenye nafuu ya kodi. Kila siku kabla ya kupika alikaa kwenye meza ya joto, ile fupi yenye hita chini yake, akaandika: piano ya chekechea, elfu kumi na tano, petroli, waya za besi, tiketi ya meli ya kwenda visiwa vya Oki, alikokuwa akihudumia piano za shule. Ilipofika Februari, msimu wa fomu za kodi, na watu wengine wanahaha kutafuta vikaratasi, yeye alikuwa ameshamaliza. Hata hivyo bahasha yoyote ya kahawia ikiangukia kwenye kisanduku cha barua aliizungukazunguka kwanza kabla ya kuifungua.

Mwaka wa sita, mwezi wa Oktoba, ofisi ya kodi ikampigia simu.

Alikuwa kwangu siku hiyo. Nina piano ya mama yangu, na Tamae huja kuishughulikia joto likipungua. Simu ilipolia alikuwa ameinama ndani ya piano, akaipokea huku ameshika ufunguo wa kukazia waya. Nilisikia akisema "ndiyo" mara nyingi, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Alipokata simu alirudi kazini, akakaza waya mmoja mpaka ukakatika. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona amekata waya.

"Wanakuja nyumbani," alisema. "Wanataka vitabu vya miaka mitatu."

"Wamesema kwa nini?"

"Hawasemi. Wamesema ni ukaguzi wa kawaida."

"Basi ni wa kawaida. Wewe una nini cha kuficha?"

"Sijui," akasema, na hilo ndilo lililonishtua. "Ndiyo maana naogopa. Sijui."

Wakapanga tarehe, wiki mbili mbele. Katika hizo wiki mbili Tamae alikonda. Alipitia madaftari yake yote upya, risiti kwa risiti, na mtu akitafuta kosa kwa bidii namna hiyo hawezi kulikosa. Aliona mwezi ambao petroli imeandikwa mara mbili. Aliona bili za umeme za nyumba nzima amezihesabu zote kuwa za kazi, wakati karakana yake ni chumba kimoja tu kando ya jiko. Alitaka kufuta, akaogopa kufuta. Alitaka kwenda kule ofisini kujisema mwenyewe, akafika mpaka kituo cha basi kilicho mbele ya jengo lao, akarudi.

Mumewe, Mitsuharu, alikuwa dereva wa basi aliyestaafu, mtu mpole anayependa amani kuliko chakula. "Mama Sayo, kula," alimwambia kila mlo. Sayo ni binti yao aliyeolewa Hiroshima. "Hawa watu hawali mtu. Watakuja, watahesabu, tutalipa kidogo, wataondoka."

"Baba yangu naye aliambiwa hivyo hivyo."

"Baba yako hakuandika kitu. Wewe unaandika mpaka bei ya vitambaa vya kufutia."

Aliyekuja alikuwa mwanamke mmoja, Bi Ejima, wa makamo, mwenye koti la kijivu na sauti ya taratibu. Alivua viatu, akavigeuza vielekee mlangoni, akakaa. Tamae akamletea chai na keki ya maharage mekundu. Bi Ejima akashukuru kwa kichwa na hakuvigusa. Akatoa chupa yake ya maji kwenye mkoba. Tamae alituambia baadaye kwamba ile chupa ilimtisha kuliko maswali.

Kwanza waliongea mambo ya piano. Bi Ejima aliuliza kama ni kweli unyevunyevu wa ziwa unaziharibu, na nyumba moja inahitaji huduma mara ngapi kwa mwaka. Tamae akajibu, akaanza hata kulegea mabega. Kisha ofisa akafungua daftari la mwaka wa kwanza, akalifuata kwa kalamu mstari baada ya mstari. Saa ya ukutani ilisikika.

"Jumba la harusi la Suiren ni mteja wako," alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo. Tangu nianze. Wana piano mbili, ya ukumbini na ya chumba cha ibada."

"Unakwenda mara ngapi?"

"Kila baada ya miezi mitatu. Yote yameandikwa humo."

"Nimeyaona." Bi Ejima akatoa bahasha, na ndani yake nakala za risiti. Akazipanga mezani mbele ya Tamae. "Na hizi?"

Zilikuwa kumi na moja. Matengenezo makubwa ya piano, laki moja na nusu. Kubadilisha waya, laki moja na themanini. Kubadilisha nyundo zinazopiga waya, laki mbili. Zote zilikuwa za Suiren, zote za miaka hiyo mitatu, na juu ya kila jina la Kadowaki palikuwa na muhuri wake mwekundu, ule unaotumika badala ya sahihi. Kwa jumla zilipita yeni milioni moja na nusu, na kwenye daftari lake hakukuwa na hata moja.

"Muhuri ni wangu," Tamae alisema, na sauti yake aliisikia kama inatoka chumba kingine. "Mwandiko siyo wangu. Kazi hizi sikuzifanya."

"Muhuri anautunza nani?"

"Mimi. Uko kwenye droo."

"Kuna mtu mwingine anayeutumia?"

"Hapana."

Bi Ejima hakubisha. Alimpa karatasi nyeupe, akamwomba aandike jina lake na tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa mara kadhaa, akaiweka karatasi pamoja na zile nakala. Akasema atarudi Alhamisi inayofuata, na kwamba ingefaa Mama Kadowaki akumbuke vizuri kabla ya siku hiyo. "Mapato yasiyotajwa ni jambo moja," alisema akivaa viatu. "Mapato yaliyofichwa ni jambo jingine, na faini yake ni nyingine. Naomba ulielewe hilo."

Gari lake lilipoondoka, Tamae alirudi jikoni. Mitsuharu alikuwa pale ameshika kisu na tunda la persimoni lililomenywa nusu, ganda linaning'inia. Nyumba ile kuta zake ni nyembamba. Alikuwa amesikia kila neno.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Ule mwaka ulipopasuliwa kiganja. Ulikuwa na plasta mpaka kiwikoni, huwezi hata kushika kijiti cha kulia. Nikaenda Suiren kukuchukulia malipo. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulirudi na boksi la keki."

"Yule meneja, Orihara, aliniambia, mzee, kila mara tunawasumbua kwa risiti, na Mwalimu, ndivyo wanavyokuita, anaumwa. Nigongee muhuri kitabu hiki, sisi tutajaza kazi ikifanyika. Nilikuwa na muhuri mfukoni. Nikagonga."

"Ukagonga ngapi?"

"Kitabu kizima. Mama Sayo, nilidhani ndivyo wanavyofanya. Alikuwa na haraka, wateja wamesimama nyuma yangu, niliona aibu kukataa."

Tamae alikaa kwenye sakafu ya jiko. Halafu akasema mambo mengi. Alimwambia kwamba miaka sita amekuwa akiandika mpaka yeni ya mwisho, na yeye kwa dakika tano amempa mtu asiyemjua jina lake lote. Alimwambia muhuri siyo tiketi ya basi. Mitsuharu alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwishoni akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie uliibiwa muhuri. Au mwambie kazi ulifanya, ukasahau kuandika. Tulipe yaishe. Nitauza gari."

"Nikisema niliibiwa, ni uongo. Nikisema nilifanya, ni uongo, tena wa kwenye vitabu vyangu mwenyewe."

"Na ukisema ukweli?"

"Nikisema ukweli, watakuandika wewe."

 Chakula cha mchana siku ile hawakula.

Jumatatu yake ilikuwa zamu ya Suiren. Tamae angeweza kuahirisha, lakini Jumapili iliyofuata kungekuwa na harusi tatu na piano ya ukumbini ilikuwa imeshuka sauti. Alikwenda. Alifungua kifuniko, akapachika vipande vya mpira kati ya waya, akaanza kazi katikati ya meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Hazikupita dakika nyingi Orihara akaja, mwanamume nadhifu wa suti nyeusi na viatu visivyotoa sauti. Akaegemea piano.

"Mwalimu, nasikia umepata wageni."

Tamae akagonga noti, akasikiliza, akakaza. "Nimepata."

"Hata sisi tulipata. Ni msimu wao, usijali. Sikia, jambo lenyewe dogo. Wewe useme tu kazi ulizifanya, ulisahau kuziingiza. Kodi itakayoongezeka, na faini, Suiren italipa. Na mkataba wako tunaufanya wa miaka mitano, piano zote mbili. Mpaka ustaafu, Mwalimu."

"Na pesa ziko wapi?"

"Pesa zipi?"

"Zile risiti zinasema nilipokea."

Orihara akatabasamu kidogo, kama mtu anayemsamehe mtoto. "Jumba kubwa lina matumizi mengi yasiyokuwa na risiti. Wewe fundi, mambo haya ya nini?"

"Na nikikataa?"

"Ukikataa utasema nini? Kwamba mumeo aliwapa watu karatasi tupu zenye muhuri wako? Nani atakayeamini kwamba hukujua? Nakuonea huruma, Mwalimu, ndiyo maana nakuja kuongea nawe kama dada yangu." Akagongagonga ubao wa piano kwa vidole. "Fikiria."

Tamae akaendelea kukaza waya. Na yeye mwenyewe alituambia wazi: alifikiria. Suiren ilikuwa theluthi ya mapato yake. Alipokuwa anamalizia noti za juu alikuwa anapiga hesabu kichwani, miaka mitano mara miezi mitatu mitatu, na hesabu ilikuwa tamu. Alipofika nyumbani akamweleza mumewe maneno yote. Mitsuharu alitazama mikono yake, akasema, "Useme utakavyo, nitakuwa nimekaa pembeni yako. Ila mimi yule mtu sitaki anilipie kitu."

Alhamisi Bi Ejima alirudi. Safari hii Mitsuharu alikuwa amevaa koti lake la suti, lile la mazishi na harusi. Kabla ofisa hajafungua mkoba akashusha paji la uso mpaka kwenye mkeka, akasema yote, kuanzia plasta ya kiganja mpaka boksi la keki. Alipokwama, Tamae alimwongezea. Tamae akasimulia pia maneno ya Orihara ya Jumatatu, na ahadi ya miaka mitano.

Bi Ejima aliandika muda mrefu. Akauliza tarehe, akauliza nani alikuwepo, akauliza kitabu kilikuwa na karatasi ngapi. Kisha akachukua zile nakala kumi na moja na daftari la Tamae, akazilinganisha tarehe kwa tarehe. Siku mbili kati ya hizo Tamae alikuwa Oki, na tiketi za meli zilikuwepo. Siku nyingine alikuwa shule ya sekondari ya upande wa pili wa ziwa kutwa nzima. Lakini nyingi za zile zilizobaki alikuwa mjini, na hakuwa na cha kuonyesha kwamba hakupita Suiren.

"Hizi siwezi kuzithibitisha," Tamae alisema.

"Nimeona," alijibu Bi Ejima. "Ngoja tusonge."

Akasonga kwenye umeme. Akauliza nyumba ina vyumba vingapi, na karakana ni kipi. Tamae akajibu kabla hajamaliza kuuliza: ndiyo, alikuwa amehesabu yote, na gari pia, ingawa walikuwa wakilitumia kwenda Hiroshima kumwona binti yao, na ule mwezi wa petroli mara mbili ulikuwa huu hapa. Bi Ejima akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetaka kusema jambo lisilo la kazi, akajizuia. "Asante," akasema tu.

"Na hizi risiti? Itakuwaje?"

"Leo siwezi kukuambia."

"Mume wangu je?"

"Hilo nalo siwezi kukuambia leo."

Kisha ukafuata mwezi mzima wa kutoambiwa. Suiren walipiga simu kwamba zamu inayofuata wamepata fundi mwingine, kutoka Izumo. Mitsuharu akaacha kwenda kucheza mpira wa wazee uwanjani. Alikaa dirishani akitazama njia. Kila gari jeupe kama la Bi Ejima lililopunguza mwendo lilimfanya asimame. Mimi niliwapelekea figili za kuloweka, nikawakuta wamekaa pande mbili za meza ya joto, redio imezimwa, kila mmoja anajifanya anasoma gazeti. Tamae aliniambia kwa mnong'ono jikoni, "Angenipigia kelele ningejua la kufanya. Anaomba msamaha hata akinipa chumvi."

Simu ilikuja katikati ya Desemba, mvua ya barafu ikipiga vioo. Bi Ejima alizungumza kwa sauti ile ile ya taratibu. Zile risiti kumi na moja hazitahesabiwa kuwa mapato ya Mama Kadowaki. Waliyoyakuta Suiren hakuyasema, wala hakupaswa kuyasema. Kuhusu muhuri, mumewe ameonywa, na maelezo yake yatabaki kwenye faili. Kutoa risiti tupu ni kosa hata kama mtu hakupata kitu, na lisirudiwe. Kuhusu umeme, gari na petroli, Mama Kadowaki alete fomu za marekebisho za miaka yote mitatu, alipe tofauti, pamoja na faini ya kutaja pungufu na riba ya kuchelewa.

"Ni yeni ngapi?" nilimwuliza Tamae.

"Laki na elfu sitini hivi, ukijumlisha." Alikuwa analia na kucheka. "Nimetozwa faini, na nafurahi kama nimepewa zawadi. Nina akili kweli?"

Furaha haikudumu siku nzima, maana theluthi ya mapato ilikuwa imekwenda. Mwaka mpya ulipopita Mitsuharu akapata kazi ya kuendesha basi la chekechea, asubuhi na alasiri, ingawa goti lilikuwa linamsumbua. Mjini watu walisema Suiren imetozwa pesa nyingi mno na kwamba Orihara amehamishiwa tawi la mbali; wengine walisema ameacha kazi. Hakuna aliyempigia Tamae kumrudisha. Baadhi ya mafundi wenzake walimsema pia, kwamba amemchoma mteja, kwamba nani atamwamini tena na siri za nyumba. Mmoja alimwambia usoni kwenye mkutano wao, "Dada, sote tumewahi kugonga karatasi tupu. Wewe tu ndiye uliyekwenda kusema." Tamae akamjibu, "Basi acha kugonga," akaenda kukaa mbali naye. Alirudi nyumbani akiwa na homa.

Siku ya kwenda benki kulipa, Mitsuharu alimpeleka kwa gari, akabaki nje na injini inanguruma. Tamae akapanga foleni na karatasi zake tatu za malipo. Akazisukuma chini ya kioo. Karani akazigonga moja moja, akamrudishia vipande vyake, akamwambia asante kwa kusubiri.

Alipotoka alikaa kwenye gari kwanza, hakufunga mkanda.

"Imekwisha?" Mitsuharu aliuliza.

"Ya miaka hiyo imekwisha. Ya mwaka huu inaanza mwezi ujao."

"Utaogopa tena?"

"Nitaogopa. Lakini umeme nitaugawanya."

Mitsuharu aligeuza gari, hakuelekea nyumbani. Alisimama mbele ya duka la tambi nyeusi karibu na mfereji wa ngome, mahali walipokuwa hawajaingia tangu Oktoba. Waliagiza bakuli tatu tatu kila mmoja, zile ndogo zinazopangwa moja juu ya nyingine. Tamae alimaliza zake zote, akachukua moja ya mumewe, na alipolipa akaomba risiti kwa mazoea. Akaitazama, akaikunja, akaitupa kwenye pipa la mlangoni, kwa sababu hayo yalikuwa matumizi ya nyumbani na hayakuwa ya kazi.